Nani Hugharimia Historia ya Mahali? Somo kutoka Kaunti za Uingereza

Katika vyama vingi vya msingi jambo la kuandika historia ya chama huzuka mara moja tu, nalo ni pale inapokaribia sikukuu ya miaka 25 au 50. Halmashauri hukutana na kukubaliana kwamba kitabu kitolewe. Katibu huagizwa kuuliza bei kwa mpiga chapa, na bei hiyo ndiyo huingizwa katika makisio ya mwaka kuwa gharama ya kitabu. Miezi miwili kabla ya sherehe hugunduliwa kwamba kurasa za kupigwa chapa hazipo. Hakuna aliyepewa muda wala nauli ya kwenda kuyasoma madaftari ya zamani, wazee walioanzisha chama hawakuhojiwa, na mwishowe hutoka kijitabu chenye picha za viongozi walioko madarakani na hotuba ya mgeni wa heshima.

Hilo ni kosa la mahesabu kabla ya kuwa kosa la uandishi. Sehemu kubwa ya gharama ya kitabu cha historia imo katika kutafuta habari na kuzihakikisha, wala karatasi na wino si mzigo mkubwa zaidi. Wenyeji wa kaunti za Uingereza wamelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 200, wengine kwa njia chungu, nao wamebuni taratibu za kuchanga na kutunza fedha ambazo katibu wa chama cha ushirika atazielewa bila shida, maana nyingi zinafanana na zile anazozitumia kila siku.

Kaunti, neno lililozoeleka sana nchini Kenya tangu katiba ya 2010, huko Uingereza ni eneo la kale la utawala, kubwa kuliko wilaya, na nyingi kati yake zilikuwapo kabla ya mwaka 1066. Ndani ya kaunti mna parokia, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa eneo la kanisa na pia ngazi ya chini kabisa ya serikali. Mtu akitaka kuandika historia ya kaunti kwa ukamilifu hana budi kupita parokia moja baada ya nyingine.

Mzigo wa kaunti nzima kwa mtu mmoja

Hapo mwanzo kazi hii ilifanywa na watu wenye nafasi, kila mmoja kwa mfuko wake, akisaidiwa na wanunuzi walioandikisha majina yao kabla ya kitabu kutoka. Edward Hasted, aliyezaliwa mwaka 1732, alijitwika kaunti ya Kent. Juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1778 na ya nne mwaka 1799. Katikati ya kazi hiyo madeni ya aina nyingi, ambayo si yote yaliyotokana na vitabu, yalimzidi. Alikimbilia Ufaransa, na aliporudi akafungwa katika gereza la wadaiwa. Juzuu ya nne ilitoka yeye akiwa bado kifungoni. Alimalizia maisha yake akiwa msimamizi wa nyumba ya kutunzia maskini huko Corsham, katika kaunti ya Wiltshire, akafariki mwaka 1812. Kitabu chake kingali kinasomwa, lakini hakuna chama ambacho kingetaka kuendesha mradi kwa mtindo huo.

Kaskazini, katika kaunti ya Northumberland, kasisi John Hodgson alianza kutoa historia ya kaunti yake mwaka 1820. Alifariki mwaka 1845 kazi ikiwa haijafika nusu. Miaka mingi baadaye wenyeji waliona kwamba wakimngojea mtu mwingine mmoja mwenye moyo kama wa Hodgson huenda wangengoja milele, wakaunda kamati. Kamati hiyo ilikusanya fedha, ikaajiri mhariri, ikatoa juzuu ya kwanza mwaka 1893, na kila mhariri alipofariki au kuchoka ikaajiri mwingine. Juzuu ya 15, iliyokuwa ya mwisho, ilitoka mwaka 1940. Wengi wa waliochanga mwanzoni walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kamati yenye mhutasari, mtunza hazina na mrithi wa kila cheo iliweza kuishi kupita umri wa wanachama wake, jambo ambalo Hasted na Hodgson, pamoja na elimu yao yote, hawakuweza kulipata.

Mpango mkubwa wa 1899

Mwaka 1899 ulianzishwa mjini London mpango wa kuandika historia ya kila kaunti ya Uingereza kwa utaratibu mmoja, ukapewa jina la Malkia Victoria na kuitwa Victoria County History. Northumberland iliachwa nje kwa kuwa ilikwisha kuwa na kamati yake. Waanzilishi walikadiria juzuu 160, na walidhani kazi yote ingekwisha katika miaka michache. Juzuu ya kwanza, ya Hampshire, ilitoka mwaka 1900.

Mpango huo uliendeshwa kama biashara. Matajiri waliweka mitaji kwa kutumaini mauzo, na chini ya mhariri William Page likakusanywa kundi la watafiti, wengi wao wanawake vijana waliotoka vyuo vikuu wakati ambapo Oxford na Cambridge zilikuwa bado hazitoi shahada kwa wanawake. Walisoma hati za Kilatini na kuzinakili, parokia kwa parokia. Lakini mauzo hayakuweza kulipa mishahara ya kazi ya namna hiyo. Hata kabla ya vita ya 1914 fedha zilikuwa zimepungua na watafiti wengi wamepunguzwa kazini. Page aliendelea kwa shida kwa miaka mingi. Mwaka 1933 mpango ukaingia mikononi mwa Chuo Kikuu cha London, katika taasisi yake ya utafiti wa historia, ambako ungalipo, naye Page akafariki mwaka uliofuata.

Hapa ndipo pa kutazama ramani. Kaunti zilizopata wenye fedha mapema, kama Hampshire na Lancashire, zilikamilishwa kabla au karibu na vita. Cumberland ilipata juzuu mbili, ya pili mwaka 1905, kisha kimya kwa zaidi ya miaka 100. Jirani yake Westmorland haikupata hata moja. Durham ilipata juzuu ya tatu mwaka 1928, na ya nne, inayohusu mji wa Darlington, ikatoka mwaka 2005. Tofauti hiyo haikutokana na kwamba Westmorland haikuwa na historia. Ilitokana na mahali fedha zilipokuwa na mahali zilipokosekana.

Kuna upungufu mwingine wa juzuu hizo za kwanza unaowahusu sana wakulima. Ziliandikwa zaidi kuhusu mabwana wa ardhi, urithi wa mashamba yao na majengo ya makanisa. Aliyelima, aliyefuma nguo, aliyepanga chumba kimoja na watoto sita, huyo alitajwa kwa nadra. Ndiyo maana Hampshire, ambayo juzuu zake zote pamoja na faharasa zilikuwa tayari ifikapo mwaka 1914, ina watu wa kujitolea wanaoiandika upya katika karne hii. Mwaka 2012 walitoa kitabu kidogo cha kijiji kimoja tu, Mapledurwell, ambamo uchumi na maisha ya watu wa kawaida vimepewa nafasi yake.

Wenyeji washika usukani

Mwaka 1947 kaunti ya Wiltshire ilipata njia mpya. Serikali za mitaa zilikubaliana kuchanga kila mwaka na kuunda kamati, na fedha hizo zikalipa watafiti wa kudumu chini ya uangalizi wa London. Kaunti nyingine ziliiga, na kwa zaidi ya nusu karne mtindo huo ulizaa juzuu nyingi. Kaunti ya Middlesex ilifutwa kabisa katika utawala mwaka 1965, lakini historia yake iliendelea kuandikwa.

Udhaifu wa mtindo huo ulikuwa mmoja, nao ni ule ule wa chama kinachotegemea mnunuzi mmoja. Halmashauri za kaunti zilipobanwa na upungufu wa fedha, historia ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kukatwa. Kati ya 2005 na 2010 ulikuwapo pia msaada mkubwa kutoka fedha za bahati nasibu ya taifa, zaidi ya pauni milioni 3, ambao uliwezesha vitabu vya bei nafuu na kuwaingiza watu wengi wa kujitolea katika kazi. Msaada huo nao ulikwisha mwaka 2010, wakati ambapo halmashauri nazo zilikuwa zikipunguza. Kaunti ambayo haikuwa na mfuko wake yenyewe ilijikuta na rasimu mezani na bila mshahara wa mwezi ujao.

Mwaka huo huo wa 2010 ziliundwa bodi za wadhamini za Cumbria na Gloucestershire, na kaunti nyingine zina bodi za aina hiyo. Bodi ya namna hii huandikishwa kisheria kuwa ya hisani. Wadhamini kwa kawaida hawalipwi, hesabu za kila mwaka hupelekwa kwa Tume ya Hisani ambako mtu yeyote aweza kuziona, na bodi huwa na jukumu moja tu: kutafuta fedha na kuhakikisha kazi inafanyika. Chuo kikuu hubaki na jukumu la kusema kama kazi imefikia kiwango.

Fedha zinavyopatikana na kutunzwa

Njia za kuchanga ni nyingi, na nyingi ni ndogo ndogo. Wako watoa michango wa kila mwaka, wanaoitwa marafiki wa mradi. Kuna mihadhara katika ukumbi wa kanisa au wa kijiji, yenye kiingilio na chai na keki za kuuzwa. Kuna matembezi ya kuongozwa mitaani, ambapo mtafiti huonyesha nyumba na kueleza alichokipata. Wako wanaoacha sehemu ya mali katika wasia. Iko mifuko inayosaidia kazi kama hizi, kwa mfano Marc Fitch Fund, ulioanzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya utafiti na uchapishaji wa historia za mahali. Na ile njia ya kale ya kuandikisha wanunuzi mapema haijafa.

Iko pia njia moja ya kisheria ambayo mtunza hazina yeyote ataipenda. Tangu mwaka 1990 mlipa kodi anayetoa mchango kwa chombo cha hisani aweza kutia sahihi tamko, na kwa tamko hilo bodi hudai kutoka serikalini kodi ambayo mtoaji alikwisha kuilipa juu ya fedha hizo. Kwa kiwango cha kodi cha asilimia 20, kila pauni 1 iliyotolewa huongezewa senti 25. Mtu akitoa pauni 40, bodi hupokea 50. Lakini hupokea tu ikiwa tamko limetunzwa na jina limeandikwa sawasawa. Mtunza hazina mzembe huipotezea bodi robo ya kila mchango bila kuiba hata senti moja.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni mgawanyo wa fedha katika vitabu vya hesabu. Sheria ya Uingereza hairuhusu fedha zilizotolewa kwa shughuli maalumu kutumika kwa shughuli nyingine. Mtu akichangia historia ya mji mmoja, mchango wake hauwezi kulipia kijiji cha jirani, hata kama kijiji hicho kimebakiwa na kurasa 10 tu. Kwa hiyo mizania ya bodi huonyesha fedha zenye masharti mbali na fedha huru, na mara nyingi bodi huonekana tajiri huku ikishindwa kulipa posta. Wenye busara huomba fedha huru kwanza, ingawa ni vigumu zaidi kuzipata, kwa sababu kila mtoaji hupenda kuliona jina la kijiji chake.

Na hapo panakuja swali gumu kuliko yote, la haki za mtoaji juu ya maneno yaliyoandikwa. Familia yenye shamba kubwa ikitoa mchango mnono, je, mwandishi aseme kwamba babu yao alizungushia ua malisho ya wanakijiji wote? Katika mpango huu jibu ni kwamba aseme, akiwa na hati. Kila habari hutolewa ushahidi katika tanbihi, rasimu husomwa na wataalamu, wenyeji nao hupewa nafasi ya kuisoma na kusahihisha, na mtoaji hushukuriwa mwanzoni mwa kitabu. Shukrani hiyo haimpi kalamu nyekundu. Utengano huu wa mfuko na kalamu umeupa mpango heshima kwa zaidi ya miaka 120 na juzuu zaidi ya 230, na pasipo heshima hiyo hata wachangaji wenyewe wangepungua.

Kwa mauzo peke yake kazi haiwezi kujilipa, na siku hizi hata kidogo zaidi, kwani tangu mwaka 2003 juzuu nyingi zimewekwa katika intaneti zisomwe bure. Anayefaidika hadaiwi kitu. Mkulima wa kahawa asiyepeleka mazao chamani hapati malipo, lakini asiyechangia historia huisoma sawa na aliyechangia. Basi mchango wa namna hii hauwezi kuombwa kwa hoja ya gawio.

Kazi ya wenye kujitolea

Watu wa kujitolea hawachangishi tu. Katika Cumbria, kwa mfano, walianza kwa kukusanya muhtasari wa kila mji na kijiji cha kaunti, ili mahali pote pawe na kitu cha kuanzia badala ya vijiji vichache kupata vitabu vikubwa na vingine kungoja. Wengine hufundishwa kusoma mwandiko wa kale. Hupewa hati za wasia, orodha za kodi ya meko za miaka ya 1660, madaftari ya ubatizo na maziko ambayo parokia ziliamriwa kuyaanza mwaka 1538, na ramani zilizotengenezwa kufuatia sheria ya zaka ya 1836, ambazo huonyesha kila kipande cha shamba, mwenye nacho, anayekilima na ukubwa wake. Mtu mmoja hunakili, mwingine hulinganisha na hati yenyewe. Mtaalamu anayelipwa huunganisha, maana watu 20 wenye bidii wasiokuwa na mtaalamu hutoa marundo ya karatasi, naye mtaalamu asiye na wasaidizi humaliza kijiji kimoja wakati kaunti ina mamia.

Lakini kila kitu hutegemea karatasi kuwapo. Mwezi Desemba 1942 sensa yote ya Uingereza na Wales ya mwaka 1931 iliteketea kwa moto ghalani. Sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa hiyo kati ya 1921 na 1951 mtafiti hana sensa hata moja ya kushika, wala hakuna mfuko utakaoweza kuinunua.

Madaftari ya chama

Vyama vya ushirika vina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Habari za waanzilishi 28 wa Rochdale, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, zinajulikana duniani kwa kuwa madaftari yao yalitunzwa na kwa kuwa G. J. Holyoake aliandika habari zao kabla miaka 15 haijapita, waanzilishi wengi wakiwa hai wa kuulizwa.

Katika Tanzania wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Vyama vikuu vilivunjwa Mei 1976, mali zikakabidhiwa kwa mamlaka za mazao, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Kila chama kilichopitia kipindi hicho chaweza kujiuliza mihutasari yake ya kabla ya 1976 iko wapi leo: kabatini, ghalani pamoja na magunia, nyumbani kwa katibu wa zamani, au tumboni mwa mchwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe ni mali.

Chama kinachotaka kuanza hakihitaji mamilioni. Hatua ya kwanza ni orodha: kila daftari, mwaka wake, hali yake na mahali lilipo. Ya pili ni sanduku la chuma na mahali pakavu. Ya tatu ni kuwahoji wazee kabla ya kitu kingine chochote, kwani daftari laweza kungoja msimu mmoja zaidi na mzee wa miaka 90 pengine hawezi. Fedha zikianza kuchangwa, ziwekwe katika akaunti yake zenyewe, zitolewe stakabadhi, na mkutano mkuu upitishe mapema azimio kwamba kitabu kitaeleza pia mwaka wa hasara na mwaka wa wizi, endapo imo katika kumbukumbu. Azimio hilo ni rahisi kupitishwa wakati hakuna ajuaye nani atatajwa. Baada ya rasimu kusomwa, halipiti.

Maswali ya kuzungumzwa katika kikundi cha masomo

1. Daftari la zamani kuliko yote katika chama chenu ni la mwaka gani, nalo liko mikononi mwa nani?

2. Mwanachama amechangia shilingi 200,000 kwa sharti kwamba zitumike kuandika habari za kituo cha kununulia mazao cha kijijini kwake tu. Mtunza hazina aziandike vipi, na halmashauri imjibu nini?

3. Tengenezeni makisio ya kitabu cha kurasa 60 cha historia ya chama. Andikeni kwanza gharama za nauli, posho ya mtafiti, kunakili hati na kuwahoji wazee, kisha ndipo mwandike bei ya mpiga chapa. Linganisheni jumla hizo mbili.

4. Iwapo mtoto wa mwenyekiti wa zamani ataomba ukurasa unaomhusu baba yake uondolewe, nani katika chama chenu ana mamlaka ya kumjibu?